Asili ya Neno "Wanga"

Mtu wa Mazwi akienda pwani na kuulizwa atokako, akajibu, "Sumbawanga," mara nyingi huona watu wakitazamana na kucheka. Wengine humwuliza kama amesafiri kwa ungo. Kicheko hicho chatoka katika neno moja, wanga. Nao wachekao hawajalisikiliza jina lote.

Kwa Kifipa kusumba ni kutupa. Basi jina la mji huu, ulio makao makuu ya Mkoa wa Rukwa tangu mkoa ulipoanzishwa mwaka 1974, lasema: "Tupa wanga." (Msemaji wa Kilingala asilifasiri kwa haraka, maana kwao kosomba ni kununua!) Husimuliwa kwamba ndivyo alivyoagizwa mgeni aliyekaribia: aache nje alichofunga kiunoni au alichoficha mkobani, ndipo aingie. Twaona ya kuwa jina lenyewe lakataza jambo lile lile ambalo watu husema limejaa kwetu.

Lakini wanga huo ni nini hasa? Mswahili hudhani ameelewa mara moja, kwa kuwa kwake mwanga ni mchawi wa usiku, na kuwanga ndiyo kazi yake. Wanga wa kupikia uji, na kuwanga kwa maana ya kale ya kuhesabu, tuyaache kando.

Tuwasikilize jirani zetu. Wabemba husema ubwanga, na Waluba wa Kongo husema bwanga, wala hawamaanishi uchawi peke yake. Bwanga ni dawa yenye nguvu: yaweza kuwa ya kuponya, ya kulinda, hata ya kudhuru. Huko Angola, Wambundu husema wanga, na kwao neno limeelekea upande wa uchawi. Watu waliouzwa utumwani walivuka nalo bahari ya Atlantiki, na hata leo katika nchi ya Haiti wanga ni hirizi, au dawa ya kurogea.

Kwa hiyo mimi naona kwamba kufasiri "tupa uchawi" ni kulipunguza jina. Yule mgeni huenda hakuwa mchawi. Huenda alibeba kinga ya safari tu, aliyopewa na mama yake. Nayo aliambiwa aitupe. Agizo hili ni zito kuliko lile, kwa maana hakuna ajiitaye mchawi, bali wenye kinga ni wengi.