Chemsha mara moja, unga mara tatu: Milo 6 ya bei nafuu kwa familia ya watu 5

Hela ikianza kuisha kabla ya mwezi, chakula ndicho kinachopunguzwa mapema katika nyumba nyingi. Nyama inaondoka, samaki anafuata, mwisho watoto wanakula ugali kwa chumvi au chai na mkate. Tumbo linajaa, lakini mwili unakosa protini, madini ya chuma na vitamini.

Haina ulazima kufika huko. Maharage, choroko, mchicha, karanga na dagaa vinapatikana karibu kila soko la Afrika Mashariki, na vikipangwa vizuri vinalisha familia bila kukausha mfuko. Kinachohitajika ni kujua hela inapotelea wapi jikoni.

Vipimo vilivyopo hapa ni vya familia ya watu 5. Kikombe kinachotajwa ni cha robo lita.

GHARAMA INAYOSAHAULIKA: MOTO

Wengi wakipiga hesabu ya chakula huanzia na kuishia dukani. Mkaa, kuni au gesi havihesabiwi. Maharage makavu ambayo hayakulowekwa yanaweza kukaa jikoni saa 2 hadi 3. Ukiyapika kila siku, utashangaa mkaa umekula hela nyingi kuliko maharage yenyewe.

Dawa yake ni kuchemsha maharage mengi kwa moto mmoja, bila kuyaunga, kisha kuunga sehemu ya siku hiyo tu. Maharage matupu yanahifadhika vizuri. Yakishawekwa tui la nazi au nyanya, yanawahi kuchacha.

Mambo manne yanapunguza moto zaidi:

1. Loweka usiku kucha, au angalau saa 8. Asubuhi mwaga maji hayo, suuza, weka maji mapya.

2. Funika sufuria. Ikiwa wazi, joto na maji vinapotea bure.

3. Yakishachemka, punguza moto. Maji yanayotokota kwa fujo na yanayochemka taratibu yana joto karibu lile lile. Moto mkali unamaliza gesi tu.

4. Tumia kapu la joto. Chukua kapu au ndoo kubwa, zungushia blanketi kuukuu au nguo nzito ndani, weka sufuria iliyotoka kuchemka ikiwa imefunikwa, kisha ifunike vizuri juu. Chakula kinaendelea kuiva chenyewe bila moto kwa saa kadhaa.

Angalizo kwa wanaotumia kapu: maharage mekundu mabichi yana sumu ya asili inayosababisha kutapika na kuharisha. Sumu hiyo huondolewa na kuchemka kwelikweli, joto la wastani haliiwezi. Chemsha kwa nguvu dakika 30 kwanza, ndipo uingize kapuni. Ukiyatoa, yarudishe motoni yachemke tena kabla ya kuliwa.

SUFURIA YA MSINGI

Chambua kilo 1 ya maharage, ambayo ni takriban vikombe 5. Toa mawe, yaliyooza na yenye ukungu. Loweka, suuza, weka maji mapya yapite juu ya maharage kwa vidole vinne, kisha chemsha mpaka yalainike.

Usiweke nyanya wala ndimu mwanzoni. Uchachu wake unafanya maharage yachelewe kulainika. Magadi yanalainisha haraka ni kweli, lakini yanaharibu baadhi ya vitamini na kuongeza chumvi mwilini, hivyo kulowekwa kunatosha. Kama yamelowekwa na bado ni magumu baada ya saa 2, huenda ni ya zamani ghalani. Siku nyingine badilisha muuzaji.

Kilo 1 ikiiva hutoa takriban vikombe 12. Gawa mafungu matatu ya vikombe 4. Kila fungu ni mlo mmoja, na milo yenyewe ndiyo hii.

MLO WA 1: MAHARAGE YA NAZI NA WALI

Mahitaji: maharage vikombe 4 vilivyoiva, nazi 1, kitunguu 1, nyanya 2, mafuta kijiko 1 na chumvi.

Kuna nazi. Kamua kwa kikombe 1 cha maji ya uvuguvugu upate tui zito, weka pembeni. Kamua tena kwa vikombe 2 upate tui jepesi.

Kaanga kitunguu, weka nyanya mpaka ziive na kupondeka. Mimina maharage na tui jepesi, acha yachemke dakika 10. Malizia na tui zito, ukikoroga taratibu bila kufunika ili lisikatike. Dakika 5 zinatosha. Vikombe 3 vya mchele vinatosha watu 5.

Nazi ikiwa ghali, acha. Maharage ya nyanya na karoti ni matamu vilevile. Ukitumia nusu nazi, hakuna atakayegundua.

MLO WA 2: MAKANDE

Wakenya wanayajua kama githeri, na kwa Wapare wa Kilimanjaro makande ni chakula cha asili. Uzuri wake ni kwamba mlo mzima uko kwenye sufuria moja, hauhitaji mboga ya pembeni. Mahindi na maharage pia yanasaidiana: protini inayopungua kwenye kimoja inapatikana kwenye kingine.

Mahitaji: mahindi yaliyokobolewa vikombe 2, maharage vikombe 4 vilivyoiva, kitunguu, nyanya 2, karoti 1 na mafuta au tui.

Loweka mahindi usiku kucha. Yachemshe mpaka yalainike, saa 1 hadi 2, au yachemshe nusu saa kisha yamalizie kwenye kapu la joto. Changanya na maharage. Kaanga kitunguu, karoti na nyanya, mimina kwenye makande, acha yachemke pamoja dakika 15.

Mahindi yasiyokobolewa yanafaa pia, ila yatakula mkaa zaidi. Msimu wa mahindi mabichi, tumia hayo: yanaiva haraka sana.

MLO WA 3: NDIZI KWA MAHARAGE

Huu ni mlo uliozoeleka sana mkoani Kagera. Unafaa mahali ambapo ndizi za kupika ni rahisi kuliko mchele.

Mahitaji: ndizi mbichi 12 hadi 15, maharage vikombe 4 vilivyoiva, kitunguu, nyanya 2, mafuta vijiko 2 na chumvi.

Paka mikono mafuta kidogo kabla ya kumenya ili utomvu usigande. Weka ndizi kwenye maji yanayozifunika tu, chemsha dakika 20. Ongeza maharage, kitunguu, nyanya, mafuta na chumvi, funika, acha dakika 10 hadi 15 kwa moto mdogo. Ukiwa na majani ya mchicha, yakatie juu dakika za mwisho.

MLO WA 4: CHOROKO

Siku umesahau kuloweka maharage, choroko ndiyo mkombozi. Kenya huitwa ndengu. Haihitaji kulowekwa na huiva kwa dakika 30 hadi 45, wakati protini yake inakaribiana na ya maharage.

Mahitaji: choroko vikombe 2, kitunguu, nyanya 2, bizari nusu kijiko cha chai, mafuta na chumvi.

Chambua vizuri maana huwa na vijiwe vidogo. Osha, chemsha mpaka zianze kupasuka. Kaanga kitunguu na bizari, weka nyanya, changanya. Ukipenda rojo zito, ponda sehemu ya choroko kwa mwiko. Kula na wali, chapati au ugali.

MLO WA 5: MCHICHA WA KARANGA NA UGALI

Mahitaji: mchicha mafungu 4, karanga zilizosagwa nusu kikombe, kitunguu, nyanya 2 na chumvi.

Osha majani kabla ya kuyakata. Ukikata kwanza, vitamini nyingine zinaondoka na maji ya kuoshea. Koroga karanga kwenye kikombe 1 cha maji ya uvuguvugu mpaka mabonge yaishe.

Kaanga kitunguu kwa mafuta kidogo, weka nyanya, mimina karanga na ukoroge kwa moto mdogo dakika 10 hadi 15 zisishike chini. Weka mchicha mwishoni, dakika 5 hadi 7 tu.

Karanga zina kazi mbili hapa. Zinaongeza protini, na mafuta yake yanausaidia mwili kupokea vitamini A iliyomo kwenye mchicha. Mboga ya majani iliyochemshwa kwa maji na chumvi pekee inapoteza faida hiyo. Matembele, majani ya maboga na kisamvu hupikwa hivyo hivyo, isipokuwa kisamvu lazima kitwangwe na kuchemshwa muda mrefu kwanza, kwa sababu majani mabichi ya muhogo yana sumu.

MLO WA 6: DAGAA WA NYANYA

Dagaa wa Mwanza wa Ziwa Victoria, ambao Wakenya huwaita omena, na dagaa wa Kigoma wa Ziwa Tanganyika huliwa wazima. Kwa sababu mifupa nayo inaliwa, wana madini mengi ya kalsiamu ambayo minofu ya samaki mkubwa haina kwa kiwango hicho.

Mahitaji: dagaa wakavu vikombe 2, kitunguu 1 kikubwa, nyanya 3, ndimu 1 na mafuta vijiko 3.

Chambua, osha kwa maji ya moto mara 3 au mpaka mchanga uishe. Kamua maji, kaanga mpaka wakauke. Ongeza kitunguu, kisha nyanya, funika dakika 10. Kamulia ndimu ukishaepua. Onja kabla ya kuweka chumvi, kwani wengine hutoka sokoni wakiwa na chumvi tayari.

NDIMU NDIYO, CHAI SUBIRI

Madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mboga za majani hayapokelewi na mwili kirahisi kama yale ya nyama. Vitamini C husaidia. Kipande cha ndimu, kachumbari au chungwa baada ya kula kinaleta tofauti bila gharama kubwa.

Chai na kahawa hufanya kinyume, zinazuia chuma. Acha saa 1 hivi ipite baada ya mlo ndipo unywe. Hili ni muhimu zaidi kwa wajawazito na watoto, ambao wako kwenye hatari kubwa ya kupungukiwa damu.

KIPORO BILA KUUMWA TUMBO

Mpango wa kuchemsha mara moja unakuwa hasara chakula kikiharibika.

Mwenye friji: gawa maharage kwenye vyombo vidogo ili yapoe haraka, yaweke ndani kabla ya saa 2 kupita. Yatumie ndani ya siku 3.

Asiye na friji: usichemshe kilo nzima. Vikombe 3 vya maharage makavu vinatosha mchana na usiku wa siku hiyo. Fungu la usiku liache kwenye kapu la joto likiwa la moto sana, na ulichemshe tena kabla ya kuunga.

Wali unahitaji uangalifu zaidi. Wali uliolala mezani unaweza kuwa na sumu ya bakteria ambayo haiondoki hata ukiupasha. Pika wa kutosha siku hiyo.

RAHISI INAYOGHARIMU MAISHA

Mahindi na karanga zenye ukungu huuzwa bei ya chini, na hapo ndipo watu wanaponaswa. Ukungu huo hutoa sumukuvu, na kupika hakuiondoi. Mwaka 2004 mahindi yenye sumukuvu yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya. Mwaka 2016 watu 20 walifariki Tanzania, katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

Nunua punje kavu zenye rangi moja. Tupa zilizosinyaa, zenye rangi ya kijani, nyeusi au zinazonuka uvundo, hata kama ni chache. Usiwapikie mifugo wala kusagia unga. Karanga nunua nzima, chambua, kaanga, kisha saga mwenyewe. Zilizosagwa tayari huwezi kujua zilikuwaje.

RATIBA YA WIKI

Jumapili usiku: loweka kilo 1 ya maharage.
Jumatatu: chemsha yote. Kula maharage ya nazi na wali, na usiku loweka mahindi.
Jumanne: makande.
Jumatano: ndizi kwa maharage.
Alhamisi: dagaa wa nyanya na ugali.
Ijumaa: choroko na chapati au wali.
Jumamosi: mchicha wa karanga na ugali.
Jumapili: hela iliyobaki inunue mayai, samaki au nyama.

Kwa ratiba hii moto mrefu wa maharage unawashwa siku moja tu katika wiki. Jaribu wiki mbili, andika ulichotumia kwenye mkaa au gesi, kisha linganisha na wiki mbili zilizopita. Hesabu hiyo itakuambia ni milo ipi ya kubaki nayo.