Mandolini Katikati ya Roki: Albamu Iliyompaisha Rod Stewart

Ukimtaja Rod Stewart, wengi hukumbuka nywele zilizosimama wima, nguo za madoa ya chui na kibao cha disko cha 1978, "Da Ya Think I'm Sexy?". Kumbukumbu hiyo si ya uongo, ila inampunja. Miaka saba kabla ya disko hilo, mwimbaji huyohuyo mwenye sauti ya mikwaruzo alitoa albamu iliyojengwa juu ya magitaa makavu, fidla na mandolini. Inaitwa Every Picture Tells a Story, ya mwaka 1971, na hajawahi kutoa nyingine iliyoifikia.

Muziki wa asili hakuuokota studioni. Stewart alizaliwa kaskazini mwa London mnamo Januari 1945, kitinda mimba wa baba Mskoti aliyekuwa na watoto watano. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alikuwa kijana wa gitaa begani, akishiriki maandamano ya Aldermaston ya kupinga silaha za nyuklia na kuimba nyimbo za kina Ramblin' Jack Elliott. Pamoja na mpiga gitaa Wizz Jones alizunguka Ulaya akiimba mitaani kwa kutegemea sarafu za wapita njia, hadi Hispania ilipomrudisha kwao kwa kosa la uzururaji. Januari 1964 mwanabluzi Long John Baldry alimsikia akipuliza harmonika katika stesheni ya Twickenham, akamwingiza kwenye bendi yake. Kuanzia hapo ikawa bluzi, kisha roki nzito ya kundi la Jeff Beck.

Mwaka 1969 alijikuta na kazi mbili. Alikuwa mwimbaji wa Faces, bendi iliyosifika kwa kelele na chupa, na papo hapo alikuwa na mkataba wake binafsi na kampuni ya Mercury. Ni huko kwenye mkataba binafsi ndiko alikorudia nyimbo za ujana wake. Albamu ya kwanza ilikuwa na "Dirty Old Town" ya Ewan MacColl. Ya pili, Gasoline Alley ya 1970, ikachukua wimbo wa Bob Dylan uliokuwa haujulikani sana, "Only a Hobo". Ya tatu ndiyo iliyoiva.

Ilirekodiwa katika studio za Morgan, mtaa wa Willesden jijini London, mtayarishaji akiwa Stewart mwenyewe. Aliowakusanya walitoka pande mbalimbali: Ron Wood wa Faces, Martin Quittenton kwenye gitaa kavu, Dick Powell kwenye fidla, na Danny Thompson wa kundi la Pentangle aliyepiga besi lile kubwa la kusimamisha. Nyuma yao aliketi Mick Waller, mpiga drams ambaye, kwa maoni ya mwandishi huyu, ndiye anayeibeba albamu nzima. Waimbaji wengi wa nyimbo za asili huziogopa drams, huzipunguza sauti au huziacha kabisa. Hapa Waller anazipiga kwa nguvu zote huku magitaa makavu yakimfuata, na hakuna anayemzidi mwenzake. Jambo la kuchekesha ni kwamba alifika studioni bila matoazi. Yale yanayosikika katika "Maggie May" yalirekodiwa baadaye na kupachikwa.

"Maggie May" yenyewe nusura iachwe nje ya albamu. Stewart aliitunga na Quittenton, akikumbuka mwanamke aliyemzidi umri aliyekutana naye kwenye tamasha la jazi la Beaulieu mwaka 1961, yeye akiwa na miaka 16. Wimbo hauna kiitikio, na ni mrefu kwa kibao cha redio. Kampuni iliuweka upande wa pili wa santuri ndogo. Upande wa kwanza ulikuwa "Reason to Believe" ya Tim Hardin. Watangazaji wa redio wakaigeuza santuri. Kufikia Oktoba 1971 wimbo na albamu vyote vilishika nafasi ya kwanza Marekani na Uingereza kwa wakati mmoja.

Mandolini inayoufunga wimbo huo ilipigwa na Ray Jackson wa kundi la Lindisfarne. Kwenye jalada hakutajwa jina: Stewart aliandika tu kwamba aliyepiga ni mpiga mandolini wa Lindisfarne, na kwamba jina limemtoka. Jackson alilipwa pauni 15. Miongo kadhaa baadaye alilalamika hadharani kwamba mchango wake ulistahili zaidi, na ni vigumu kumbishia, maana mamilioni wanaujua wimbo huo kwa noti zake.

Nyimbo nyingine nyingi ni za kuazima, na hapo ndipo kipaji cha Stewart kinapoonekana. "Tomorrow Is a Long Time" ya Dylan inaimbwa taratibu, fidla ikiilalamikia. "That's All Right" ya Arthur Crudup, ambayo Elvis Presley aliirekodi mwaka 1954, inafuatwa na kipande cha "Amazing Grace" ambacho hakikutajwa kwenye jalada. Kibao cha Temptations, "(I Know) I'm Losing You", ndicho pekee kinachonguruma kwa umeme wa Faces.

Katikati ya hizo umo "Mandolin Wind", wimbo alioutunga peke yake, kuhusu mwanamume wa shambani anayemshukuru mkewe kwa kutomkimbia katika baridi kali. Mwaka 1975 alihamia Marekani, na utunzi wa namna hiyo ukawa adimu kwake. Msomaji mwenye nafasi ya kusikiliza wimbo mmoja tu wa albamu hii aiache "Maggie May", ambayo redio bado zinampigia bure, aanze na huu.