Mji Mdogo Wenye Kupendeza: Habari za Jaffrey na Peterborough

Somo la historia kwa madarasa ya watu wazima, kama lilivyosomwa katika radio

Kaeni vizuri, msogee karibu na radio, na kila mtu awe na daftari na kalamu yake. Kabla hatujaanza, kiongozi wa darasa aandike ubaoni maneno haya matano: maktaba, kodi, hisa, ilani, mkutano. Mtayasikia katika somo la leo. Kila mtakapolisikia moja, litazameni ubaoni.

Leo tuna swali moja tu. Mji mzuri wa kukaa ni mji wa namna gani?

Mtu akiulizwa swali hili hujibu upesi. Atasema, ni mji wenye maji safi, wenye duka karibu, wenye kazi, usio na wezi. Majibu hayo ni ya kweli. Lakini historia inatufundisha kwamba liko jambo jingine, nalo ndilo linalomfanya mtu auite mji ule mji wake. Ili tulione jambo hilo tutasafiri mbali, mpaka Marekani.

Tukitaja Marekani, wengi wetu hufikiri New York au Chicago, miji yenye majumba marefu na mamilioni ya watu. Lakini iko pia miji midogo maelfu kwa maelfu, nao Wamarekani wengi huisifu na kutamani kukaa humo. Tutatazama miwili iliyo jirani, Jaffrey na Peterborough, katika jimbo la New Hampshire, kaskazini-mashariki ya nchi ile. Peterborough una watu zaidi ya 6,000 tu, na Jaffrey una watu zaidi ya 5,000. Karibu nao uko mlima uitwao Monadnock, wenye urefu wa futi 3,165. Wakati wa baridi theluji hufunika nchi yote. Wakati wa majani kupukutika, miti hugeuka rangi, ikawa myekundu na ya manjano, na wageni huja kutazama. Ni nchi ya kupendeza macho.

Lakini macho peke yake hayatoshi. Hebu tusikie habari za mtu mmoja aliyehamia Jaffrey zamani.

Mtu huyu aliitwa Amos Fortune. Alizaliwa Afrika, kiasi cha mwaka 1710, akachukuliwa utumwani, akavushwa bahari mpaka Amerika. Huko alifanya kazi kwa bwana mmoja mtengenezaji wa ngozi, katika mji wa Woburn, jimbo la Massachusetts. Akajifunza kazi ile barabara: kuloweka ngozi, kuzikwangua manyoya, kuzilainisha mpaka zifae kwa viatu na hatamu za farasi. Mwaka 1770, alipokuwa mtu wa miaka 60 hivi, aliupata uhuru wake kwa fedha. Mwaka 1779 alimkomboa pia mwanamke mmoja mtumwa, jina lake Violate, akamwoa.

Mwaka 1781 Amos na mkewe walihamia Jaffrey. Je, walipokewaje? Walipelekewa ilani ya kuwataka waondoke.

Tuelewe vizuri ilani ile. Katika sehemu zile siku zile, mji ulikuwa na wajibu wa kuwalisha maskini wake. Basi mgeni alipofika, hata mgeni mweupe, wakubwa wa mji waliogopa kwamba kesho atakuwa mzigo kwao. Kwa hiyo walimpelekea ilani, yaani habari rasmi, ya kumwambia aondoke. Si kila aliyepewa ilani alifukuzwa kwa nguvu. Wengi walikaa. Lakini mji ulikuwa umekwisha sema: ukipatwa na shida, usitutazame sisi.

Sisi tunayo methali isemayo, mgeni njoo, mwenyeji apone. Watu wa Jaffrey hawakuijua methali hiyo, lakini waliiona kweli yake kwa macho yao. Amos hakuondoka. Aliendelea na kazi yake ya ngozi, na sifa ya kazi yake ikaenea. Mwaka 1789 alinunua shamba lake mwenyewe la ekari 25, akajenga nyumba na ghala. Mtu aliyeogopwa kuwa mzigo akawa fundi wa kutegemewa.

Mwaka 1795 watu wa Jaffrey walianzisha maktaba, na Amos Fortune alikuwa mmoja wa wanachama wake. Vitabu vilipochakaa, yeye ndiye aliyevitia majalada mapya ya ngozi. Alifariki mwaka 1801. Katika wosia wake aliacha fedha kwa kanisa, na nyingine kwa shule ya mtaa wake. Mji ule uliompa ilani ya kuondoka, yeye aliuachia mali ya kuwasomeshea watoto.

Kaburi lake liko mpaka leo, nyuma ya jengo la zamani la mikutano la Jaffrey, na la mkewe liko ubavuni pake. Jiwe la kaburi linaeleza kwamba alizaliwa huru Afrika, akawa mtumwa Amerika, akaununua uhuru wake, akaishi maisha ya heshima.

Sasa, ndugu wanafunzi, tulitazame neno la tatu ubaoni kwetu, yaani hisa. Maktaba ile ya Jaffrey ilikuwa ya wenye hisa. Mtu alitoa fedha kuwa mwanachama, ndipo akaweza kuazima vitabu. Maktaba za namna hiyo zilikuwa nyingi siku zile. Zilikuwa na faida, maana vitabu vilikuwa ghali na watu walisaidiana kuvinunua. Lakini asiye na fedha alibaki nje. Mlango wa maktaba ulikuwa wazi kwa wenye nazo, na umefungwa kwa maskini.

Hapo ndipo tunapouvuka mpaka na kuingia mji wa jirani, Peterborough. Katika mji huu mto Contoocook unakutana na kijito cha Nubanusit, na maji yake yalizungusha mitambo ya viwanda vya pamba. Basi mjini walikuwamo wakulima, mafundi, wenye maduka, na wafanyakazi wa viwandani. Mwaka 1827 alikuja mchungaji mmoja wa kanisa, jina lake Abiel Abbot. Bwana Abbot alipenda sana elimu, na aliona kwamba mtu akitoka shuleni bila kitabu cha kusoma nyumbani, elimu yake hufifia kama taa iliyokwisha mafuta.

Wakati huo serikali ya jimbo ilikuwa imekusanya fedha kwa kodi iliyotozwa mabenki. Nia ya kwanza ilikuwa kujenga chuo kikubwa cha jimbo. Shauri hilo halikutimia, na fedha zikagawiwa miji, zitumiwe kwa shule au kwa mambo mengine ya elimu. Miji mingi ilizipeleka zote shuleni. Peterborough ilifanya tofauti. Tarehe 9 Aprili 1833, katika mkutano wa mji, watu walikubali kwamba sehemu ya fedha zile inunue vitabu, na vitabu hivyo viwe vya watu wote wa mji, bila ya malipo.

Sikilizeni tena: vya watu wote, bila ya malipo. Husemwa kwamba hii ndiyo maktaba ya kwanza katika Marekani iliyowekwa na mji, kwa fedha za kodi, ili kila mkazi aitumie bure. Hapo mwanzo haikuwa na jengo lake. Vitabu viliwekwa ndani ya duka, na duka lile lilikuwa pia posta. Mtu akija kununua chumvi au kuuliza barua yake, huondoka na kitabu. Jengo lake la matofali lilipatikana mwaka 1893, yaani miaka 60 baadaye.

Je, kuna tofauti gani kati ya maktaba ya zawadi, ya hisa, na ya kodi? Zawadi humtegemea mtoaji, akichoka, imekwisha. Hisa humpendelea mwenye fedha. Lakini kilichonunuliwa kwa kodi ni mali ya kila mtu. Yule kijana wa kiwandani aliyeingia kuazima kitabu hakuja kuomba. Alikuja kuchukua kilicho chake. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba kile ni cha wote.

Shauri la Peterborough lilienea. Mwaka 1849 jimbo la New Hampshire lilitunga sheria ya kuruhusu kila mji kutoza kodi kwa ajili ya maktaba, na majimbo mengine yakafuata. Hata mji mkubwa wa Boston ulifungua maktaba yake ya umma mwaka 1854, miaka 21 baada ya mji ule mdogo.

Sasa tuseme kidogo juu ya mkutano wenyewe wa mji, maana humo ndimo mambo yalimoamuliwa. Katika miji ya sehemu zile, watu hukutana mara moja kwa mwaka. Kabla ya siku yenyewe, orodha ya mashauri hubandikwa mahali pa wazi. Jambo lisilo katika orodha haliwezi kuamuliwa, ili mtu asishtukizwe. Mkutanoni huwa na msimamizi. Anayetaka kusema husimama na kusema: barabara fulani imeharibika, daraja litengenezwe, fedha za shule zipunguzwe au ziongezwe. Kisha watu hupiga kura wao wenyewe. Mwenye duka na mkata kuni, kila mmoja ana kura moja. Aliyeamua kodi itozwe ndiye atakayeilipa, na kesho atakutana njiani na yule aliyembishia.

Lakini tusiyasifu mambo kupita kiasi. Mwaka 1833 waliopiga kura walikuwa wanaume tu. Wanawake wa New Hampshire waliruhusiwa kupiga kura katika mikutano ya shule mwaka 1878, na katika uchaguzi wote mwaka 1920. Tena, katika sehemu nyingi za Marekani ilikuwako miji midogo mizuri ya kutazama ambayo haikumruhusu mtu mweusi kulala humo. Jua likichwa, ilimpasa awe amekwisha ondoka. Sheria ya nchi ya kukataza ubaguzi katika kuuza na kupangisha nyumba ilikuja mwaka 1968. Basi mtu akikuambia mji fulani unapendeza, mwulize: unampendeza nani?

Na shida hazikukosekana Peterborough. Tarehe 21 Septemba 1938 tufani kubwa ilipiga sehemu ile yote. Mto ulifurika mpaka katikati ya mji, na siku hiyo hiyo moto ukawaka. Maji huku, moto huku. Sehemu ya maduka na majengo ya biashara iliteketea. Watu wa mji wakaanza kujenga tena.

Siku zetu pia yako ya kulalamikia. New Hampshire haitozi kodi ya mishahara, wala kodi ya jumla ya bidhaa dukani. Kwa hiyo mzigo mkubwa wa gharama za mji huangukia nyumba na ardhi, na mwenye nyumba huulipa kwa uchungu. Baridi ni kali, na asiye na gari hupata taabu. Viwanda vya pamba vya zamani havipo tena. Hata hivyo watu hukaa, na wengine huhamia. Tangu mwaka 1907 iko Peterborough nyumba ya wasanii iliyoanzishwa na Bwana Edward MacDowell, mtunzi wa muziki, na mkewe Bibi Marian. Waandishi na wanamuziki wengi wamepata huko utulivu wa kufanya kazi zao.

Ndugu wanafunzi, sasa turudi kwenye swali letu. Mji mzuri wa kukaa ni mji wa namna gani? Mlima na theluji havikuwekwa na watu wa Jaffrey wala wa Peterborough, walivikuta. Jambo walilofanya wenyewe ni kutoa fedha kidogo kidogo kwa kitu ambacho kila mtu atakitumia, wakakutana kukiamua, na mlango wakauacha wazi. Mji ulipomfungia mtu mlango, kama ulivyotaka kumfungia Amos Fortune, mji wenyewe ndio uliokuwa karibu kupata hasara.

Nanyi mnaosikiliza mnajua thamani ya kitabu kuliko wengi, maana mmekuja darasani baada ya kazi, na macho yamechoka. Mtu aliyejua kusoma na hana cha kusoma, baada ya muda husahau. Basi jambo la maktaba si jambo la wasomi peke yao.

Maswali ya kujibu darasani

1. Kwa nini Amos Fortune na mkewe walipelekewa ilani ya kuondoka Jaffrey?
2. Amos Fortune aliisaidiaje maktaba ya Jaffrey, na aliiachia nini shule?
3. Maktaba ya hisa ina tofauti gani na maktaba ya kodi?
4. Ni nani hawakuweza kupiga kura Peterborough mwaka 1833?
5. Zungumzeni: mkipewa fedha kidogo kwa ajili ya mtaa wenu wote, mtanunua nini ambacho kila mtu atakitumia? Kila mmoja aandike mistari mitano katika daftari lake, kisha amsomee jirani yake.

Kwa herini, ndugu wanafunzi, mpaka somo lijalo.