Keateka Asiye na Jina na Waya ya Rangi ya Machungwa

Wasee, leo ni historia. Msitoroke kwanza, inaanza na simu.

Cuzo wangu anaishi Minneapolis, kule Marekani, mahali baridi ya Januari inashuka chini ya sifuri na inakaa huko. Majuzi saa mbili asubuhi, kwake ikiwa saa tano usiku, ananipigia video amevaa jaketi mbili ndani ya nyumba. Alikuwa amebadilisha themostati ukutani, kile kidude cha kuambia mashine ya joto iwake ama izime. Sasa kila akiomba joto, mashine inamletea baridi. Na watoto wamelala. "Wewe si ulisoma mambo ya stima? Nisaidie."

Ukweli ni kwamba nilisoma mwaka mmoja na nusu tu, kisha karo ikakatika na nikaacha kampo. Familia bado wananiita injinia, na mimi hunyamaza. Nilimwambia zima breka kwanza, usiguse kitu, nipe nusu saa. Nikaanza kusoma. Nilitafuta maana ya waya na nikajipata mwaka wa 1883.

Iko hivi. Warren Johnson alikuwa mwalimu kwenye chuo cha walimu huko Whitewater, jimbo la Wisconsin, si mbali sana na kwa cuzo. Joto la madarasa lilitoka kwa tanuru chini ya jengo. Kujua kama darasa limepoa, keateka alilazimika kuingia katikati ya somo, aangalie kipimajoto, arudi chini arekebishe moto, kisha apande tena. Siku nzima hivyo. Johnson alichoka kukatizwa somo, akatengeneza kifaa cha umeme: darasa likibadilika joto, kengele inalia kule chini. Alipata hataza yake 1883, na 1885 akaanzisha kampuni Milwaukee.

Mwaka huo huo wa 1885, kule kule Minneapolis, Albert Butz akaenda hatua moja mbele. Kifaa chake hakikumwita mtu. Chumba kikipoa, mota ndogo ilifungua kilango cha hewa cha tanuru na moto ukapanda wenyewe. Kampuni aliyoanzisha ndiyo mzizi wa Honeywell ya leo.

Sasa angalia zile waya. Tanuru la zamani lilikuwa na swali moja tu: tuwashe ama tusiwashe? Kwa swali moja, waya mbili zinatosha. Moja inaleta stima kwenye themostati, nyingine inairudisha ikibeba jibu. Ndani yake kulikuwa na vyuma viwili tofauti vilivyobanwa pamoja. Kimoja hutanuka kuliko kingine kikipata joto, kwa hivyo vyote hujipinda na kugusa ama kuachia swichi. Kama pasi yenu hutoa ule mlio wa "tii" ikishika moto, ni mambo hayo hayo. Hata ile themostati maarufu ya duara iliyochorwa na Henry Dreyfuss, iliyotoka 1953, ilijipinda hivyo, ikainamisha kichupa cha zebaki.

Lakini mashine ya cuzo haichomi kitu. Ni pampu ya joto, yaani friji iliyojua kugeuka. Friji yako huchota joto ndani na kulitupa nyuma, weka mkono pale utalisikia. Pampu ya joto huchota joto hata kwenye hewa baridi ya nje na kulileta ndani, na kiangazi inafanya kinyume. Wazo si geni: William Thomson, yule Lord Kelvin, alilieleza 1852. Kufikia 1938, jumba la baraza la mji wa Zurich, Uswisi, lilikuwa likipashwa joto lililochotwa mtoni.

Mashine inayogeuka inaleta swali la pili: tuelekee wapi? Swali jipya, waya mpya. Hiyo ndiyo inayoandikwa O ama B, na mara nyingi O huwa ya rangi ya machungwa. Inaongoza vali inayogeuza njia ya gesi. Mashine nyingi zikipata stima kwenye O zinapoza. Zile za B zikipata stima zinapasha. Ukiipa mashine ya O mpangilio wa B, unaomba joto na inakuletea barafu.

Nikampigia cuzo. "Waya ziko sawa. Washa breka, ingia kwenye mipangilio ya themostati, toa B weka O." Akaweka. Tukangoja dakika kama tano, kwa sababu kompresa haikurupuki. Kisha akainua mkono pale hewa inatokea na kucheka. Akavua jaketi moja.

(Tahadhari: waya hizi ndogo hubeba volti 24, lakini mashine yenyewe inakula 240. Na ukifungua themostati upate waya nene mbili, funika, ita fundi.)

Jioni nikamsimulia mzee wangu. Yeye ni keateka wa ploti yetu. Maji yakikatika gorofa ya tano, anapigiwa yeye. Anapanda, anashuka, anapanda tena. Alisikiza hadi mwisho akauliza swali moja: "Na huyo keateka wa shule aliitwa nani?"

Manze, hapo nilinyamaza. Hataza ilikuwa na jina la Johnson. Kampuni nayo ikachukua jina lake. Mtu aliyepima joto kwa miguu yake, darasa baada ya darasa, amebaki "keateka" tu.

Msimamo wangu ni huu. Johnson alistahili hataza yake, sibishi. Lakini ile kengele haikutoka hewani. Kuna mtu alikuwa themostati kabla ya themostati, na tunaposimulia uvumbuzi tunamruka. Tukisimulia hivyo, tunafundishana kwamba bila cheti ama cheo, unachojua si elimu. Mimi niliacha kampo nikaamini hivyo kwa miaka miwili.

Kwa hivyo kesho, kabla umpigie keateka wenu kelele za maji, muulize jina. Kisha muulize tangi hujaa saa ngapi. Utashangaa anavyojua.