Kona ya Mtu wa Ramu

Katika shamba letu la Suneka kuna kona isiyolimwa. Si kubwa, hatua kumi kwa nane hivi, chini ya kaburi la babu, upande wa kuteremka kwenda mto Riana. Mahindi yakifika pale yanakoma. Nikiwa mtoto nilidhani imeachwa tuchezee. Baadaye ndipo nikaambiwa ni mahali pa baba yake babu, ambaye mwili wake haukurudi nyumbani.

Kwetu mtu huzikwa kwake. Hata akifia Nairobi au Uarabuni watu watachanga, watauza ng'ombe, lakini atarudi. Asiporudi, anaachiwa nafasi. Nafasi hiyo tumeipalilia kingo zake kwa miaka karibu mia bila mtu kuuliza, mpaka mwaka juzi shamba lilipoanza kukatwakatwa. Bonchari ya leo si ya wakati ule. Ukitoka sokoni Suneka kuelekea uwanja wa ndege utaona vigingi kila mahali, ploti za hamsini kwa mia, vyumba vya kupangisha vikipanda kama uyoga. Baba mdogo alipata mnunuzi wa upande wa chini, na kona ile ilikuwa katikati ya ploti.

Siku ya kikao cha ukoo alisema wazi: "Tunamwekea nafasi mwizi?"

Hiyo ndiyo ilikuwa historia rasmi ya nyumbani. Kwamba mwaka 1914, Wajerumani walipovuka mpaka wakapigana na Waingereza hapo Kisii mjini, yule mzee alikuwa miongoni mwa walioingia ofisi za serikali na misheni kupora, kisha akatorokea pwani na aibu yake. Wazee waliinamisha vichwa. Magokoro, nyanya yangu, ambaye ameshapita miaka tisini, alikuwa ameketi mlangoni akichambua chinsaga. Alisema neno moja tu bila kuinua macho: "Ramu."

Hakuna aliyemjali. Mimi nililibeba neno lile usiku kucha. Ekegusii hakina sauti ya "l". Mtu wa rika lake akitaka kusema Lamu atasema Ramu. Sasa mwizi anayekimbia aibu, kwa nini aende mpaka Lamu, kisiwa kilicho mwisho kabisa wa nchi?

Nikaomba kikao kinipe miezi mitatu. Baba mdogo akacheka: "Chuo kilikushinda, sasa utaweza historia?" Lakini wakanipa.

*

Nilianzia Nairobi, kwenye Nyaraka za Taifa, lile jengo la zamani la benki lililo mkabala na sanamu ya Tom Mboya. Fomu ya kuomba kusoma ina mahali pa kuandika taasisi yako. Nilisita hapo kidogo, kisha nikaandika "Suneka". Karani aliitazama, akanitazama, akapiga muhuri.

Faili za wilaya yetu zina alama ya DC/KSI. Enzi hizo hatukuitwa Kisii, tuliitwa Kavirondo Kusini, na waliotuandika walituandika kama watu wa kusumbua. Ukisoma kwa mpangilio wa miaka utaelewa usumbufu huo ulitoka wapi.

Mwaka 1905 jeshi la Waingereza lilikuja Gusii na bunduki za rashasha dhidi ya watu wenye mikuki. Mwaka 1907 wakafungua kituo pale Getembe, mahali ambapo wenyeji walipaita Bosongo, kwa wazungu. Januari 1908, kijana Otenyo, akichochewa na nabii Moraa, akamchoma mkuki ofisa wa kituo hicho, Geoffry Northcote. Northcote hakufa. Jeshi likarudi likachoma nyumba, likatwaa mifugo na kuua watu wengi kiasi kwamba hata Winston Churchill, wakati huo naibu waziri wa makoloni huko London, alilalamika. Otenyo aliuawa, na mpaka leo inasimuliwa Gusii nzima kwamba kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Uingereza. Northcote yeye alipanda vyeo. Kuanzia 1937 hadi 1941 alikuwa gavana wa Hong Kong. Aliyechomwa mkuki Kisii akaishia kutawala kisiwa, na mimi nilikuwa natafuta Mgusii aliyeishia kufungwa kwenye kingine.

Kisha ikaja kodi ya nyumba, kazi ya lazima, na kuvunjwa kwa egesarate, zile kambi za ng'ombe ambamo vijana wa Gusii walikaa na kujifunza kulinda nchi. Na hapo ndipo, kwenye karatasi za miaka iliyofuata, nilianza kukutana na jina nililowahi kulisikia kama tusi tu: Mumbo.

Mumbo alikuwa nyoka mkubwa wa Ziwa Viktoria. Mwaka 1913 mtu wa Alego aitwaye Onyango Dunde alisema nyoka huyo amemmeza, akamtema, na kumpa ujumbe: dini ya wazungu imeoza, nguo zao ziachwe, nywele zisikatwe, na siku inakuja wazungu wataondoka. Ujumbe ulivuka ukafika Gusii, ukakuta udongo ulio tayari. Watu wetu walikuwa bado wanamngoja Sakawa, nabii wao aliyetoweka mwanzoni mwa karne bila watu kukubali kwamba amekufa. Mwaka 1914 Waingereza walipokimbia Kisii mbele ya Wajerumani, hata kwa siku chache tu, wafuasi wa Mumbo waliona unabii unatimia kwa macho yao. Uporaji ule anaoutaja baba mdogo ulitokea wakati huo, na ulipoisha adhabu iliangukia watu na ng'ombe wao.

Nilisimama kidogo kwenye wazo moja. Sisi Abanchari mnyama wetu ni engubo, kiboko. Watu wanaoapa kwa mnyama wa majini wakiambiwa kuna sauti imetoka ziwani, sioni ajabu wakitega sikio.

Halafu nikafika mwanzoni mwa miaka ya 1920. Serikali ilichoka na Mumbo Gusii. Viongozi wake walikamatwa na kuhamishwa. Walipelekwa Lamu.

Nilifunga faili nikatoka nje kupiga simu nyumbani. Simu iliita, sikujua nitasema nini, nikaikata.

*

Nilikopa nauli. Basi mpaka Mombasa, basi tena mpaka Mokowe, halafu boti. Maji yalikuwa yametulia lakini nilishika ubao kwa mikono miwili. Mimi ni mtu wa milima. Nilimfikiria yeye katika safari ile, mtu ambaye maji makubwa kuliko yote aliyowahi kuyaona pengine ni ya Gucha wakati wa masika.

Serikali ya kikoloni ilipenda visiwa. Mwanga wa Buganda na Kabalega wa Bunyoro walitekwa mwaka 1899 wakapelekwa Shelisheli. Mwanga alifia huko 1903, Kabalega akafia Jinja 1923 akiwa njiani kurudi kwao. Prempeh, mfalme wa Asante, alikaa Shelisheli hadi 1924. Khalid bin Barghash wa Zanzibar alionjeshwa Shelisheli na Saint Helena pia. Ni hesabu rahisi: kisiwa ni gereza lisilohitaji kujengewa ukuta. Na kama mfungwa hajui lugha ya wenyeji, basi hata akitoka nje ya mlango bado yuko ndani.

Lakini kuna mmoja aliyeivuruga hesabu hiyo, na habari yake inatuhusu. Mwaka 1913 Waingereza walimkamata Mekatilili wa Menza, mama wa Kigiriama aliyewaapisha watu wake wasitoe vijana kwa kazi za wazungu, pamoja na mzee Wanje wa Mwadorikola. Walitafuta mahali pa mbali na pwani, pageni kabisa, pa baridi. Wakachagua Kisii. Januari 1914 wawili hao walitoroka, wakatembea kwa miguu kurudi kwao. Kutoka Kisii mpaka nchi ya Wagiriama ni zaidi ya kilomita mia sita hata ukinyoosha mstari kwenye ramani, na wao hawakuwa na ramani.

Kwa hiyo pwani ilifungiwa Kisii, na miaka michache baadaye Kisii ikafungiwa pwani. Shuleni nilisoma habari za Mekatilili kama za watu wa mbali huko. Hakuna mwalimu aliyetuambia kwamba jela yake ilikuwa umbali wa safari ya boda kutoka darasa letu.

Ngome ya Lamu iko mbele ya uwanja wa Mkunguni, chini ya miti, wazee wakiwa wamekaa barazani. Ilijengwa kati ya 1813 na 1821, na kuanzia 1910 mpaka 1984 ilikuwa gereza. Sasa ni makumbusho, na mji wote wa kale umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001. Wageni wanapiga picha kuta za matumbawe na kusema ni nzuri. Ni nzuri kweli. Nilipanda juu nikatazama paa, misikiti, punda, na bahari nyuma yake, na sikuweza kuiona kama wageni wale walivyoiona.

Chini nilimwamkia mzee mmoja, shikamoo, nikamweleza nilikotoka na ninachotafuta. Alinyamaza kisha akasema kwa Kiamu chake, "Mwanangu, ngome hii imelaza watu wangi." Akaniuliza jina la babu yangu. Nikamtajia. Akalirudia mara mbili polepole, kama mtu anayejaribu kiatu, akatikisa kichwa. Halafu akaniuliza kama nimekula.

Jina la mzee wetu sikuliona popote, si Nairobi wala Lamu. Nilirudi na vitu vitatu: mwaka, mahali, na sababu inayolingana. Baba mdogo angesema, na kwa haki, kwamba hiyo si ushahidi.

*

Nilimkuta magokoro palepale mlangoni. Nikamwambia kila kitu, kuanzia rashasha mpaka boti. Nilipofika kwenye Mumbo mkono wake ulisimama juu ya ungo.

"Alikuwa na nywele mpaka hapa," akasema, akigusa bega.

Nikamuuliza nani kamwambia. Mama mkwe wake, akasema, mwanamke aliyeachwa. Magokoro aliolewa nyumba hii mwanzoni mwa miaka ya 1950, na muda mfupi baadaye, wakati wa Hali ya Hatari, serikali ikapiga marufuku madhehebu kadhaa, Mumbo ikiwemo. Hiyo ilikuwa 1954. Askari na wazee wa chifu walikuwa wanauliza nyumba kwa nyumba ni nani wa Mumbo. Mama mkwe akamwita jikoni akamwambia: wakiuliza baba ya mume wako alienda wapi, sema aliiba Wajerumani walipokuja, akakimbia. Mwizi anaaibisha nyumba lakini hakuna askari atakayekuja kumtafuta baada ya miaka arobaini. Mtu wa Mumbo watatafuta mpaka wajukuu.

"Kwa nini hukusema siku ya kikao?"

"Aliniambia nisiseme mpaka serikali ile iondoke."

"Magokoro, iliondoka 1963."

Alinitazama muda mrefu. "Hakuna aliyekuja kuniambia niseme," akajibu, akarudi kwenye mboga zake.

Nimesoma vitabu kadhaa vinavyoeleza kwamba masimulizi ya wazee hayaaminiki kwa sababu kumbukumbu hufifia. Ya magokoro haikufifia hata kidogo. Alikuwa analinda uongo aliokabidhiwa, akiulinda vizuri kuliko sisi tulivyolinda ukweli, na wajukuu tukaurithi uongo huo tukauita historia. Karatasi za Nairobi hazikunipa jina. Zilinipa kitu cha kumwekea mkononi ili ajue kwamba sasa anaweza kusema.

Kikao cha pili kilikuwa kifupi. Magokoro aliongea mwenyewe, amesimama, akishikilia fimbo. Baba mdogo hakuomba msamaha, na sikumtarajia aombe. Ana watoto wawili sekondari na mnunuzi alikuwa ameshatoa kishika uchumba. Aliuliza tu kona ile ina upana gani. Tukaenda kuipima kwa kamba, mimi upande huu, yeye upande ule.

Ploti iliuzwa. Kigingi cha juu kilisogezwa hatua nane, na bei ikashuka kidogo. Mwezi uliopita fundi wa mnunuzi alianza kuchimba msingi, akaniuliza kama pale penye nyasi ni petu bado na kuna nini.

Nikamwambia kuna mtu wetu anatarajiwa.