Oryema: Nanga ya Kiacholi Katika Bendi ya Roki

Mwaka 1977, Geoffrey Oryema aliikimbia Uganda akiwa amejikunja kwenye buti ya gari mpaka Kenya. Februari mwaka huo baba yake, Erinayo Oryema, waziri katika serikali ya Idi Amin, alikuwa ameuawa pamoja na Askofu Mkuu Janani Luwum. Serikali ilitangaza kwamba ni ajali ya gari.

Kisa hicho cha ukimbizi hakihitaji mkalimani Kisenyi, Kampala. Mtaa huo ulio karibu na soko la Owino, wenye vinu vya mahindi na migahawa ya anjera, umewapokea Wasomali wengi waliokimbia vita kwao. Oryema yeye aliondoka Kampala, akatia nanga Ufaransa.

Muziki aliutoa nyumbani. Baba alipiga nanga, ala ya nyuzi ya Kiacholi; mama aliongoza kikundi cha taifa cha ngoma, Heartbeat of Africa. Mwenyewe alisomea uigizaji Kampala, akaanzisha kundi la Theatre Limited.

Mwaka 1990 lebo ya Real World, ya mwanamuziki wa roki Peter Gabriel, ilitoa albamu yake ya kwanza, Exile, chini ya mtayarishaji Brian Eno. Ni albamu ya utulivu. Nanga ya nyuzi 7 inatangulia, na lukeme, kisanduku chenye vipande vya chuma vinavyobonyezwa kwa vidole gumba, inaijibu, huku Oryema akiimba kwa Kiacholi na Kiswahili. Wimbo wa Land of Anaka unarudi kwenye kijiji cha asili ya ukoo wake, kaskazini mwa Uganda.

Mwaka uliofuata aliimba Suzanne katika albamu ya wanamuziki waliomuenzi Leonard Cohen. Kisha ikaja Beat the Border, 1993, na hapo utulivu ukapungua: ngoma na gitaa zikachukua nafasi kubwa zaidi, mdundo ukaelekea roki na pop. Night to Night ikafuata mwaka 1996. Watazamaji wa televisheni ya Ufaransa walimjua hata kabla ya kumwona, kwani wimbo wake Ye Ye Ye ndio uliofungua kipindi cha usiku cha Le Cercle de minuit.

Kampala mambo yalikuwa tofauti: huko anayekumbukwa zaidi ni mwimbaji mwingine wa uhamishoni. Philly Lutaaya, aliyehamia Sweden miaka ya 1980, bado husikika madukani kila Desemba kwa nyimbo zake za Krismasi. Aliimba Luganda, lugha ya mji, na alirudi kwao kabla ya kufariki mwaka 1989. Oryema aliimba Kiacholi, akakaa mbali karibu miaka 40.

Alirejea Uganda mwaka 2016 na kutumbuiza Kampala. Juni 2018 alifariki mjini Lorient, Ufaransa, akiwa na miaka 65. Anayetaka kumjua aanze na Exile, kisha aisikilize Beat the Border papo hapo: safari nzima kutoka nanga hadi roki imo katika albamu hizo mbili.