Ujamaa: Kutoka Neno Hadi Kijiji

Wazee wa pwani walipotaka jambo litendwe kwa upole na hadhari, walisema litendwe kwa siasa. Neno itikadi nalo lilikuwa la dini kabla halijawa la chama. Maana yake ilikuwa imani aliyoishika mtu moyoni. Twayataja maneno haya mapema kwa sababu historia tunayokusudia kuieleza, yaani jinsi siasa na itikadi zilivyoyageuza maisha ya watu wa Tanzania Bara katika muda wa miaka kumi na mitano hivi, ni historia ya maneno kadiri ilivyo historia ya matendo. Mwalimu afundishaye Azimio la Arusha kama orodha ya tarehe tu, amefundisha nusu yake.

Neno lililotangulia ni ujamaa. Jamaa ni mtu wa ukoo, au aliye karibu mno hata akahesabiwa wa nyumbani. Julius Nyerere alipotoa kijitabu chake juu ya ujamaa mwezi Aprili 1962, alilitwaa neno hilo la nyumbani akalipa kazi ya nchi nzima. Hoja yake ilikuwa kwamba ujamaa kwanza ni moyo, ni namna mtu anavyomtazama mwenziwe. Hapo ndipo penye nguvu ya neno hilo, na hapo pia ndipo penye utata wake. Kwani ujamaa wa ukoo haumwulizi mtu kama autaka. Amezaliwa ndani yake.

Tarehe 5 Februari 1967 TANU ilitangaza Azimio la Arusha, na siku ya pili yake benki zikataifishwa. Viongozi walikatazwa kuwa na hisa katika makampuni, kupokea mishahara miwili, na kupangisha nyumba. Lakini mwananchi wa kawaida, asiye na hisa wala nyumba ya kupangisha, aliyasikia mabadiliko katika usemi. Bwana alimpisha ndugu. Kupe, mdudu wa ng'ombe, akawa mtu aishiye kwa jasho la mwingine. Na beberu, ambaye kwa asili ni mbuzi dume tu, akazidi kusikika kama jina la mtawala wa kigeni. Mwaka 1968 Rais aliwaita washairi, kundi ambalo sisi ni wanafunzi wake, wasaidie kuieneza siasa hiyo. Ndipo ngonjera za Mathias Mnyampala zilipotia fora, na watoto wa shule wakajibizana jukwaani, mmoja mjamaa na mwingine mbishi. (Utungo wa namna hiyo una kasoro moja: msikilizaji humjua mshindi kabla ya ubeti wa kwanza.)

Mwezi Septemba 1967 maandishi ya Ujamaa Vijijini yalieleza kwamba wakulima wataishi na kulima pamoja kwa hiari yao, wala hawatalazimishwa. Huko Litowa, wilaya ya Songea, wakulima walikuwa wamekwisha kuanza wenyewe, na umoja wao wa Ruvuma ukawa na vijiji kumi na saba hivi, vikijiendesha bila kungoja maagizo. Mwezi Septemba 1969 chama kiliuvunja umoja huo. Twapenda wanafunzi walitafakari jambo hili: waliovunjwa ndio walioyafuata maandishi hayo kwa karibu kuliko wengine wote. Huko Iringa, tarehe 25 Desemba 1971, Mkuu wa Mkoa, Dakta Wilbert Klerruu, alipigwa risasi akafa. Aliyempiga ni mkulima wa Ismani, Said Mwamwindi, katika ugomvi uliotokana na kilimo cha ujamaa.

Mwezi Novemba 1973 Rais alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na kazi hiyo imalizike kabla ya mwisho wa mwaka 1976. Mamilioni ya watu walihama. Mahali pengine nyumba za zamani zilichomwa au kubomolewa ili wenyewe wasirudi, na wengine walishushwa pasipo maji, mashamba yao yakabaki mbali. Ukame nao ukaingia, na serikali ikalazimika kununua nafaka nyingi ng'ambo. Wanahistoria hawajapatana ni kiasi gani cha upungufu huo kilitokana na mvua na kiasi gani na uhamisho. Jambo moja halina budi kuangaliwa na mpenzi wa lugha. Vijiji vilivyoundwa kwa amri viliitwa vijiji vya maendeleo, na sheria ya mwaka 1975 ikatenga kijiji na kijiji cha ujamaa. Amri ilipoingia, neno la ukoo liliwekwa kando. Kwa maoni yetu waliolitenga walijua walilolitenda.

Hata hivyo hatuwezi kuyapuuza yaliyopatikana. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya watu vikundi vikundi kuzunguka redio, wakatoka hapo kwenda kuchimba vyoo. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliharakisha elimu ya msingi kwa watoto wote. Mwaka 1967 watu wazima wawili katika kila watatu walikuwa hawajui kusoma. Katikati ya miaka ya 1980 waliobaki hivyo walikuwa wachache. Mama aliyesoma barua ya mwanawe bila kumwita jirani alikuwa na jibu lake kwa wanaoulaumu uhamisho.

Mwaka 1991 masharti ya uongozi yalilegezwa huko Zanzibar, na mwaka 1992 vyama vingi viliruhusiwa. Maofisini ndugu amempisha mheshimiwa. Vijiji vimebaki, pamoja na halmashauri zake na mipaka yake, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imejengwa juu yake. Yamebaki pia madai ya walioondolewa katika mashamba ya baba zao. Sheria ya mwaka 1992 ilitaka kuyafuta madai hayo. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani ikaamua kwamba haki ya ardhi itokanayo na mila ni mali, na kwamba Katiba inailinda.